Tunamwombea Raelynn

Jumatano, 9 Agosti

Dada Nadine, hujambo huko uliko? Mgongo umepona? Natumaini huko hakuna ngazi. Mimi sijambo, ni miguu tu inavimba, na hili joto — mbwa wa jirani amehamia kwenye karai lake la maji na hataki kutoka. Mchungaji wetu hapendi mtu azungumze na marehemu. Basi sizungumzi. Naandika.

Wanafunzi wamerudi. Wiki iliyopita ungeweza kuvuka Mtaa wa Stesheni umefumba macho. Leo nimekwama kwenye foleni mpaka barafu ikaniyeyukia garini. Akina baba wanapanda ngazi za mabweni na majokofu mgongoni, akina mama wanafuata nyuma wameshika mto mmoja na kutoa amri. Duka kubwa limeishiwa mapazia ya bafu. Magodoro ya mwaka jana yametupwa kando ya barabara, na sisi wenyeji tunapita polepole kuchungulia. Nimeokota taa ya mezani — nzima kabisa! Wenye nyumba karibu na uwanja wa mpira wameshafyeka nyasi za mbele, tayari kukodisha maegesho. Msimu ukianza wataegesha tena mpaka ukingoni mwa makaburi, hapo ulipo. Nitakuja kuwafukuza.

Mwanao Raelynn yuko bwenini. Kajiandikisha unesi. Nesi wa moyo, anasema, hataki kingine. "Kwa ajili ya mama." Nikainama, nikajifanya nafunga kamba ya kiatu.

Unajua ninachobeba. Mara ile ya kwanza hospitali ulinishika mkono ukasema, mtoto akiuliza, mwambie ni moyo. Mara ya pili hukuamka, na mtoto akauliza, nikamwambia ni moyo. Sasa hapandi ngazi mbio, Nadine! Anapima presha pale duka la dawa kila akipita, anadhani ni ugonjwa wa ukoo. Ana miaka kumi na minane na anajishika kifua kama bibi kizee. Lazima nimwambie ukweli. Nikifungua mdomo, namuuliza kama amekula.

Ndiyo maana leo nimesema kwenye duara la maombi, baada ya chakula cha Jumatano kanisani. Wanawake peke yetu, viti vya kukunja, sahani za pai mapajani. Unaijua desturi: kila mmoja anatoa haja yake, na la kwenye duara linabaki kwenye duara. Bi Pauline kaombewa nyonga. Kisha Bi Suzanne Merritt akanigeukia na ile sauti yake ya asali. "Dada Wanda, wewe una mzigo. Mtwike Bwana."

Nikamtwika. Vidonge vya mgongo ulivyoshindwa kuviacha, miaka yote ile, asubuhi niliyokukuta kwenye kochi na televisheni inaongea peke yake. Wakalia wote. Bi Suzanne akanishika mkono. "Vidonge gani, mpenzi? Ili tuombe kwa usahihi." Nikamtajia. "Na binti hajui?"

Hajui, nikasema. Niombeeni nipate maneno ya kumwambia, mimi mwenyewe, kabla hajayasikia kwingine.

Nimetoka pale mwepesi kama manyoya. Mungu ni mwema.


Ijumaa, 11 Agosti

Kesho inaanza wiki ya kuchaguliwa. Nyumba zote za udada, zile klabu ambamo wasichana wa chuo huishi pamoja na kujichagulia wenzao wapya, zimepakwa rangi, nguzo zimesuguliwa, maua ya plastiki yamechomekwa pale ambapo ya kweli yamekufa kwa jua. Humu ninamopika mimi wasichana wanafanya mazoezi ya wimbo wa mlangoni. Wanajibana mlango mzima, vichwa juu ya vichwa, wanapiga makofi na kuchekelea kama kitu chenye mikono mia. Tangu alfajiri. Nimeshaujua wimbo wote, naukatia vitunguu.

Nilimkataza Raelynn asijiandikishe. Nilimwambia, mwanangu, zile nyumba nazipikia, nazijua, si za watu kama sisi. Akacheka. "Mama mdogo, utoto wangu wote nimekusubiri mlango wa nyuma wa nyumba ile. Nataka nipite mlango wa mbele mara moja tu, nione kama panaelekea mahali pengine." Ungemjibu nini? Nikampunguzia pindo la gauni. Tumelipata duka la mitumba la kanisa, la njano, lina mfuko wa siri.

Mkuu wa uchaguzi nyumbani humu mwaka huu ni Ashby, binti wa Bi Suzanne. Mzuri, mrefu, meno kama piano. Leo kaingia jikoni, kanikumbatia — hajawahi! Kichwa kaegemeza begani kwangu.

"Mama Wanda, tunakuombea."

Mnaniombea nini, mama?

"Kila kitu tu." Akachukua stroberi moja, akaondoka.

Stroberi nimeziosha mara tatu. Mikono ilikuwa inataka kazi.


Jumamosi, 12 Agosti

Kuna amri ya ukimya. Wiki nzima hakuna mtu wa nyumba za udada kuzungumza na waombaji, wasichana wanaoomba kuingia, nje ya raundi za kutembelea nyumba, hata kama ni ndugu. Hata mpishi. Ashby alinikumbusha asubuhi mbele ya wote: "Mama Wanda, Raelynn akiingia, humjui. Sawa? Ni kwa faida yake."

Akaingia. Kwa mlango wa mbele, Nadine! Gauni la njano, nywele kazipinda. Walimwimbia wimbo mzima usoni. Mimi nimesimama kwenye meza ya vinywaji na koleo la barafu. Akanifikia. Nikamwambia mwanao, niliyemchana nywele za shule — nikamwambia, "Limau au chai, binti?"

"Chai, asante mama," akasema, akanikonyeza kidogo. Alidhani ni mchezo wetu wawili.

Kisha msichana mmoja, Tatum, akamshika kiwiko akamsogeza karibu na piano, hatua chache tu kutoka kwangu. "Na mama yako anafanya nini, mpenzi?"

"Alifariki. Ugonjwa wa moyo."

"Wa moyo!" Tatum akaweka mkono kifuani. "Pole sana jamani. Moyo." Na juu ya bega la mwanao akamtazama mwenzake, macho yanacheka.

Wanajua. Siku tatu. Wanajua.


Jumapili, 13 Agosti

Kanisani tumeombea goti la mchezaji mkuu wa timu ya mpira ya chuo. Dakika nzima ya ukimya. Bi Pauline na nyonga yake hakutajwa.

Nilimngoja Bi Suzanne maegeshoni, jua linapasua lami. Nikamuuliza bila salamu. Hakubadilika hata rangi.

"Nilimwambia Ashby peke yake. Ili naye aombe."

Ashby kawaambia nyumba nzima.

"Basi nyumba nzima inaomba! Wanda, huo si umbea, hayo ni maombi. Unataka nimfiche Mungu?" Akanishika shavu kwa vidole vyenye pete. "Maskini, Mungu akubariki. Umechoka." Mtu wa hapa kwetu akikubariki kwa sauti ile, umeshachinjwa, hujaona damu tu. Akafungua mlango wa gari, akageuka. "Usiweke uchungu moyoni, unaingia kwenye chakula. Wasichana wana wiki ngumu."

Nimekaa garini bila kuwasha. Nimemwomba Mungu anipe upole. Halafu nikamwomba asinipe upesi sana.

Jioni nilimpigia Raelynn. Nikaanza, sikiliza mwanangu, kuna jambo kuhusu mama yako — akanikata. "Mama mdogo, usiniambie chochote! Nikikutwa nimevunja ukimya wananitoa. Tutaongea Jumapili ijayo, nitakuwa nimeingia. Nitakuletea keki." Akakata simu.


Jumanne, 15 Agosti

Nyumba zimeanza kumwacha. Kila asubuhi wanaambiwa ni zipi zimewaita tena. Ameandika ujumbe kwa Bi Gwen, jirani yangu, ndiyo njia yetu ya wizi: zimebaki tatu. "Mwambie mama mdogo, yake ni mojawapo!"

Nilishangaa kwa nini yetu imembakiza. Leo nimepata jibu. Nilikuwa nakoroga mchuzi, dirisha la kupitishia sahani liko wazi, wao wako mezani na majina.

Tatum alisema, "Raelynn. Si tumtoe tu leo? Kwa zile hadithi za moyo nitacheka siku moja mbele yake."

Ashby akasema, "Tukimtoa leo, nani atapika mpaka Jumapili? Mwache. Tutamtoa siku ya mwisho."

Mmoja akauliza, je, kama sisi ndio chaguo lake pekee?

"Basi tutamwombea," Ashby akasema. Wakacheka. Si kicheko kibaya hata — kicheko cha watu waliolala vizuri.

Mchuzi uliungua chini. Wakaula. Wakasema mtamu.


Jumatano, 16 Agosti

Sikwenda kwenye duara. Bi Pauline kapiga simu kuuliza kulikoni. Anasema Bi Suzanne ametoa haja kwa niaba yangu: niondolewe roho ya hasira.


Alhamisi, 17 Agosti

Leo raundi ya moyo kwa moyo. Wanazima taa mchana kweupe, wanafunga mapazia, wanawasha mishumaa, kila msichana wa nyumba anakaa na mwombaji mmoja magoti yanagusana, na mwombaji anaeleza jambo lililomuumiza maishani. Desturi ya zamani. Wenye bahati wamefiwa na mbwa.

Nilipita na trei ya keki ndogo. Raelynn amekaa na Ashby mwenyewe. Sikukusudia kusikiliza. Uongo — nilikusudia.

Alikuwa anasimulia habari zako, dada. Jinsi ulivyokuwa ukimpikia uji wa mahindi na siagi usiku wa mvua, mkila kwenye sufuria moja. Jinsi ulivyokuwa ukilala mchana kwa sababu moyo wako ulikuwa dhaifu. "Nilikuwa natembea kwa vidole vya miguu nisimwamshe," akasema. "Ndiyo maana nataka kuwa nesi wa moyo. Kama ningejua dalili ningemwamsha."

Kama ningejua ningemwamsha! Miaka mitatu anabeba hilo, na mimi ndiye niliyemtwika, kwa huruma yangu.

Ashby alilia. Machozi ya kweli, yanashuka yakimeta. Akamshika mikono yote miwili. "Wewe ni jasiri sana. Mama yako anakuangalia." Mwanao akatoka na uso kama taa.

Mlango haujafungwa vizuri, Ashby akaja jikoni kutafuta barafu ya macho. Tatum nyuma yake. "Vipi?"

"Bado ni moyo. Sasa anataka kuutibu! Nilijibana mpaka mbavu zikauma." Kisha akaniona kwenye kona ya sinki. Hakushtuka. Alinipa glasi tupu.

Nikaijaza.


Ijumaa, 18 Agosti

Joto. Nimekaanga bamia, nimepika maharage, nimeoka pai za mapichi. Watu wanadhani mtu aliyeumizwa hutia chumvi nyingi. Sikutia. Nimepika vizuri kuliko mwaka wowote. Sijui ni kwa nini. Labda ndicho kitu pekee chenye jina langu kinachotoka mlango wa mbele.

Zile nyumba nyingine mbili zimemwacha. Imebaki yetu. Bi Gwen anasema Raelynn amefurahi — ameandika "ndiyo nyumba pekee niliyoitaka". Wale wanaowaongoza waombaji walimshauri asitegemee moja tu, aandike jina pia kwenye orodha ya akiba, ya nyumba zitakazobaki na nafasi. Kakataa. Amejaza yetu tu.


Jumamosi, 19 Agosti

Nimevunja woga. Baada ya raundi ya mwisho, wasichana wamevaa nyeupe, wanaimba na kulia ngazini kama malaika waliokosa usingizi, nilimvuta Ashby pembeni kwenye ukumbi wa nyuma. Nikasema, mtoeni leo. Mpigieni leo. Msimwache alale anaota. Na msimwambie neno kuhusu mama yake. Hilo ni langu. Nakuomba kama mtoto wangu.

Alinisikiliza kichwa upande, mpole kweli.

"Mama Wanda, siruhusiwi kuzungumza habari za waombaji. Tuna kiapo. Siri za nyumba hazitoki."

Nikamtazama. Nikasema, siri?

"Kiapo ni kiapo," akasema. Akanipapasa mkono. "Na kesho tunahitaji mikate midogo ya moto kabla waliochaguliwa hawajaja mbio kutoka uwanjani. Wazazi watakuwepo."

Ningeweza kuvua aproni hapo hapo. Umeona jinsi mtu anavyoweza kuwa na aproni iliyokwisha kulegea fundo, na bado ibaki kiunoni? Ada ya unesi inaanza Jumatatu. Bima ya Raelynn inapitia kwenye kazi hii. Nikakanda unga.


Jumapili, 20 Agosti

Leo sikwenda kanisani. Nimekaa kwenye stoo ya jikoni, juu ya gunia la unga wa mahindi. Hapa pana feni.

Walimpigia asubuhi. Msichana fulani mwenye sauti ya benki akamwambia hakuna nyumba iliyomchagua mwaka huu, asifike uwanjani, kuna vitafunwa kwenye ukumbi wa bweni kwa walio kama yeye. Wengine wote wamekwenda uwanjani, wamekalia bahasha zao zenye jina la nyumba iliyowachagua, kipenga kikalia, wakafungua, wakaanza kukimbia. Nawasikia. Mji mzima unawasikia. Mtaa umefungwa kwa magari, akina mama wanapiga picha, polisi wenyewe wanapiga makofi. Wasichana wanakuja mbio kutoka uwanjani, viatu mkononi, na mlangoni pale ule wimbo.

Raelynn alikuja kwa mlango wa nyuma.

Jinsi alivyosimama, Nadine. Gauni la njano tena. Macho makavu. Akasema, "Basi, mama mdogo. Nimeona ndani. Zulia tu." Akacheka! Akavuta kiti, akachukua bakuli la mayai ya kuchemsha akaanza kuyamenya, kama alivyokuwa akifanya akiwa na miaka kumi. Nikambusu utosini. Nikasema moyoni, Bwana, imepita, kaumia lakini hajui, nipe siku moja tu, nitamwambia mwenyewe nyumbani, polepole, na chai.

Alikuwa anamenya yai la pili aliposema, bila kuinua macho:

"Nimekutana na Ashby hapo nje, na maputo yake. Kanikumbatia. Kasema nisihuzunike, nyumba nzima inaniombea, na kanisani pia. Kasema wanaomba nisije nikaangukia kwenye vidonge kama mama."

Nikasema nini sijui. Nadhani nilisema, unga umeisha.

"Vidonge gani, mama mdogo?"

Nikasema ngoja nichukue unga. Nikaingia humu nikafunga mlango. Unga uko mezani, mfuko mzima, mbele ya macho yake.

Huko nje wanaimba. Kila anayefika anapigiwa kelele jina lake. Mlango huu wa stoo hauna kitasa cha ndani, naushikilia kwa mguu. Ameacha kumenya. Nilikuwa nasikia maganda yakianguka kwenye bakuli, sasa sisikii.

Sasa yuko mlangoni. Hagongi. Anaongea na ubao tu, kwa sauti ndogo, ile aliyokuwa akiitumia ukiwa umelala.

"Mama mdogo. Alikuwa anaumwa moyo au hakuwa? Kanisani wamejuaje? Ulimwambia nani? Kila mtu alijua ila mimi?"

Wewe ndiye uliyenishika mkono, Nadine, ukasema mwambie ni moyo. Hukusema mpaka lini. Nikimwambia ni vidonge, atauliza kwa nini nilimwacha atembee kwa vidole vya miguu miaka yote ile. Nikimwambia ni moyo, wapo wasichana arobaini ngazini wa kumsahihisha, na watafanya hivyo kwa upendo.

Anasukuma mlango. Si kwa nguvu. Mguu wangu unateleza.

Nijibu, dada. Leo leo, tafadhali, usichelewe